Hodi kwa Mwenye Mlima: Wasomaji Wanauliza kuhusu Puja ya Washerpa

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya wapanda mlima walioketi mbele ya mnara mdogo wa mawe, mashavu yao yamepakwa unga mweupe, na juu ya vichwa vyao kamba za bendera za rangi tano zikipepea. Maelezo chini ya picha yalikuwa mstari mmoja tu: puja, ibada ya Washerpa, wenyeji wa milima ya Nepal, kabla ya kupanda Everest. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimetuonyesha kwamba mstari mmoja haukutosha. Tumechagua saba, na tunazijibu hapa, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa maneno machache.

Ndugu Mhariri, mimi ni kiongozi wa watalii mlimani Kilimanjaro, na picha yenu ilinivutia sana. Naomba nielezwe tangu mwanzo hadi mwisho: ibada hiyo hufanyika wapi, nani huiongoza, na nini hasa hutendeka? — Kiongozi wa mlima, Moshi

Kwa wanaopanda kutokea Nepal, ibada hufanyika katika kambi kuu iliyo chini ya Everest, kwenye kimo cha mita 5,364. Kwa kipimo unachokijua wewe, hapo ni pungufu ya kilele cha Uhuru kwa mita 531 tu, na ndipo safari yenyewe inapoanza. Mahema hupigwa juu ya kifusi cha mawe kilichofunika barafu ya Khumbu (eneo la Washerpa lililo chini ya Everest), na barafu hiyo haitulii: husogea polepole, na usiku husikika ikipasuka. Karibu na hapo yanaanza maporomoko ya barafu ya Khumbu, mteremko wenye nyufa za kina kirefu na mapande ya barafu yenye ukubwa wa nyumba, ambao kila apandaye kwa njia ya kusini hana budi kuuvuka. Puja husomwa kabla mtu yeyote wa msafara hajatia mguu katika mteremko huo. Washerpa walio wengi hawatakubali kuingia huko bila kusomewa, na mkuu wa msafara wa kigeni anayeijua kazi yake hathubutu kuwaharakisha. Hata mafundi wanaofunga ngazi na kamba katika maporomoko hayo, ambao ni waajiriwa wa Kamati ya Kudhibiti Uchafuzi ya Sagarmatha (jina la Kinepali la Everest), husoma puja yao kwanza kabla ya kufunga ngazi hata moja.

Siku ya ibada haipangwi na kampuni. Lama, yaani kiongozi wa dini ya Kibudha, hutazama kalenda ya Kitibeti, na siku njema ikiangukia keshokutwa, watu husubiri hadi keshokutwa, hata kama hali ya hewa ya leo inawaita. Lama mwenyewe mara nyingi hutoka Pangboche au kijiji kingine cha Khumbu. Wengi wa Washerpa hufuata madhehebu ya Nyingma ya dini ya Kibudha, ambayo hayamlazimishi lama kuwa mtawa asiyeoa. Wapo wenye mke, watoto na shamba la viazi. Asipopatikana lama, Msherpa aliyewahi kusoma katika monasteri huweza kuiongoza ibada mwenyewe.

Kazi huanza kwa mawe. Washerpa wa msafara hupanga mawe yaliyopo kambini hadi yawe mnara wa mraba unaomfikia mtu kifuani au zaidi, na humo huacha nafasi ya kuchomea majani na nafasi ya kuwekea sadaka. Katikati husimamishwa mlingoti, na kutoka kileleni mwake huvutwa kamba za bendera za sala kuelekea kila upande, hivi kwamba kambi nzima hukaa chini yake. Rangi zake hufuata mpango usiobadilika: buluu ya anga, nyeupe ya upepo, nyekundu ya moto, kijani ya maji na manjano ya ardhi. Kila bendera imechapwa maneno ya sala, na inaaminika kwamba upepo ukiipiga, maneno hayo huchukuliwa na kuwafikia viumbe wote.

Kisha huja sadaka. Kuna sanamu ndogo zilizofinyangwa kwa unga wa shayiri na siagi, ziitwazo torma, ambazo hutengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Kuna mchele, matunda, biskuti, chokoleti, soda, bia na chupa ya wiski. Kandokando ya mnara hulazwa vifaa vya kupandia: mashoka ya barafu, kofia ngumu, mikanda ya kujifungia kamba, na ile miiba ya chuma inayofungwa chini ya viatu. Hivi ndivyo vitakavyougusa na kuuchoma mlima, kwa hiyo navyo vinabarikiwa.

Lama huketi juu ya mkeka, koti nene la manyoya ya bata juu ya vazi lake la rangi ya damu ya mzee, na mbele yake kitabu cha kurasa ndefu zisizoshonwa, ambazo upepo ukizidi lazima zikandamizwe kwa mkono. Husoma kwa sauti ya chini inayokwenda bila kukata, akisindikizwa na ngoma, matoazi na kengele. Wakati huo wote majani ya mreteni huchomwa katika mnara, na moshi wake mweupe wenye harufu kali huifunika kambi. Wewe harufu hiyo si ngeni kwako, kwa maana mreteni ni wa jamii moja na mtarakwa wa misitu yetu ya milimani. Usomaji huweza kuchukua saa mbili au tatu, chai ikipita na watu wakiruhusiwa kunong'ona. Mlingoti unapoinuliwa, wote hutazama juu, kwani kunguru akitua juu yake huhesabiwa kuwa dalili njema sana. Kuelekea mwisho kila mtu hupewa unga au mchele kiganjani, na kwa ishara ya lama hurushwa hewani mara tatu, huku watu wakipaza sauti kwamba miungu imeshinda. Halafu lama humfunga kila mmoja kamba nyekundu shingoni, iliyopigwa fundo na kusomewa. Kwa miaka mingi misafara ilikuwa ikipita Pangboche kwa Lama Geshe, aliyefariki mwaka 2018, ili kila mtu apokee kamba hiyo kutoka mikononi mwake. Baada ya hapo sadaka zinazolika hugawanywa na kuliwa, Washerpa hushikana mabega kwa mstari na kucheza ngoma ya kwao ya kupiga hatua, na wageni huvutwa waingie.

Lakini ibada haikuishia hapo, na hili picha yetu haikulionyesha. Msafara unapoondoka kuingia katika maporomoko, huondoka saa nane au saa tisa usiku, barafu ikiwa bado imeshikana kwa baridi. Mpishi au msaidizi wa kambi huamka mapema kuliko wote na kuwasha mreteni katika mnara. Wapandaji huja mmoja mmoja wakiwa na taa kwenye paji la uso, hupita kando ya moshi, huchota punje chache za mchele na kuzirusha, kisha hutokomea gizani bila maneno mengi. Hufanyika hivyo kila watokapo kambini, msimu mzima.

Binti yangu anasema ule unga usoni ni kinga ya jua. Mimi nasema ni urembo. Tuamulieni. — Mama na binti, Mombasa

Mama, nyote wawili mmekosa, ingawa binti yako ana haki ya kulifikiria jua, kwa maana katika kimo kile huunguza hata ndani ya pua kwa mwako wa theluji. Unga ule huitwa tsampa. Ni shayiri iliyokaangwa na kusagwa, chakula cha kila siku cha nyanda za juu za Tibet na Himalaya, ambacho huchanganywa na chai ya siagi na kuliwa kwa mkono. Mtu hampaki mwenzake usoni na kwenye ndevu ila kwa dua moja: uishi hadi nywele na ndevu zako ziwe nyeupe hivi. Kijana wa miaka 20 aliyegeuzwa mzee kwa kiganja cha unga huchekwa na kambi nzima, na kicheko hicho ni sehemu ya shughuli.

Sisi tuliolelewa chini ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, tulifundishwa kwamba mlima ni makao ya Ngai, na mtu huuelekea kwa sala. Hapandi akasimama juu ya kilele chake. Hao Washerpa wanauabudu mlima halafu wanaukanyaga. Imekuwaje? — Mzee, Nyeri

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo zito kuliko yote, na Washerpa wenyewe wamekuwa wakiulizana kwa muda wa karne moja sasa.

Kwanza, hawauabudu mlima kama jiwe na barafu. Wanaamini kwamba mlima una mwenyewe. Everest, ambayo wao huiita Chomolungma, ni makao ya Miyolangsangma, mmoja wa ndugu watano wa kike wanaoitwa Dada wa Maisha Marefu. Mkubwa wao hukaa katika mlima Gauri Shankar. Hadithi za dini yao zinasema ndugu hao walikuwa pepo wakali wa nchi, hadi Guru Rinpoche, mwalimu aliyeupeleka Ubudha Tibet katika karne ya 8, alipowatiisha na kuwaapisha wawe walinzi. Katika picha za monasteri Miyolangsangma huchorwa amempanda chui milia jike, mkononi ana bakuli la chakula, na pembeni yake nguchiro anayetema vito. Yaani ni mwenye kutoa: chakula, mali na riziki. Ninyi mliolelewa chini ya mlima unaotoa mito mnaweza kuelewa kwa nini walimchora hivyo.

Pili, Washerpa hawakuwa wapanda vilele. Walihamia Khumbu kutoka mashariki ya Tibet karne kadhaa zilizopita, wakalima, wakafuga ng'ombe wa manyoya waitwao yaki, na wakafanya biashara kuvuka njia za milimani. Kilele hakikuwa na faida kwao. Hamu ya kukanyaga vilele ililetwa na Wazungu. Mwanzoni mwa karne iliyopita vijana wa Kisherpa walikwenda Darjeeling, India, kutafuta kibarua, wakachukuliwa kubeba mizigo ya misafara. Mwaka 1922 na 1924 Waingereza walipojaribu kupanda Everest kutokea Tibet, walipita monasteri ya Rongbuk, na lama mkuu wa hapo, Dzatrul Rinpoche, akawapokea na kuwabariki wao na wapagazi wao, ingawa hakuona maana ya jambo walilotaka kulifanya. Tangu wakati huo baraka ya lama na kazi ya mlimani zimekwenda pamoja.

Kwa hiyo puja, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni namna ya watu walioshikwa kati ya imani na riziki ya kupiga hodi kwa mwenye nyumba. Humo wanaomba ruhusa ya kupita, na wanaomba msamaha mapema kwa makosa ambayo hayataepukika: kuuchoma mlima kwa miiba ya chuma, kuacha uchafu wa mwili, kupiga kelele. Mambo yanayoweza kuepukika hayaombewi msamaha, yanakatazwa: kuchoma takataka kambini, kuchinja, kuchoma nyama hadi moshi wake upande juu, na kulala mwanamume na mwanamke mlimani. Kwamba wageni huyavunja makatazo hayo mara kwa mara ni malalamiko ya siku zote ya Washerpa.

Tatu, mzee wangu, ipo milima wasiyoikanyaga hata leo. Juu ya vijiji vya Khumjung na Khunde umesimama Khumbila, wenye mita 5,761, ambao ni kimo kidogo kwa watu waliozoea mita 8,000. Ni makao ya mungu mlinzi wa nchi yote ya Khumbu, na haupandwi. Na kwenye mlima Kangchenjunga, mpakani mwa Nepal na Sikkim (leo jimbo la India), Waingereza Joe Brown na George Band waliupanda kwa mara ya kwanza Mei 1955 wakasimama hatua chache kabla ya ncha, kwa kuwa mtawala wa Sikkim alikuwa ameahidiwa kwamba kilele hakitakanyagwa, na wengi waliofuata wameitunza ahadi hiyo. Huenda wazee wa Nyeri wangekubaliana na utaratibu huo wa Kangchenjunga kuliko ule wa Everest. Nami nakiri ningekuwa upande wao.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari niishiye Muscat, na msimu ujao nakusudia kupanda Everest. Ni Mwislamu. Nitakapofika kambini nitaalikwa kwenye puja. Nisipokwenda nitawavunjia heshima wenyeji wangu. Nikienda naogopa kushiriki ibada isiyo yangu. Nifanyeje? — Msafiri, Muscat

Waalaykum salaam. Hukumu ya dini sitaitoa, kwani si kazi ya safu hii. Muulize sheikh unayemwamini, na umweleze kwa usahihi kile kinachofanyika, kwa sababu jibu litategemea maelezo. Ninachoweza ni kukutenganishia mambo, maana ndani ya saa zile tatu yamo yaliyo ibada na yamo yaliyo adabu ya mgeni.

Kuketi kimya, kuvua kofia lama anapoingia, kunywa chai unayopewa na kutokata kati ya watu na mnara wakati wa kusoma: hiyo ni adabu, na hakuna Msherpa atakayekudai zaidi. Kusujudu mbele ya mnara, kurusha unga kwa kuitukuza miungu na kutoa sadaka: hiyo ni ibada, na halazimishwi mtu. Kamba nyekundu imo katikati. Wapo wageni wanaoivaa kama kumbukumbu ya urafiki, na wapo wanaoona ni hirizi. Ikiwa wewe ni wa kundi la pili, ipokee kwa mikono miwili badala ya kuinamisha shingo, ushukuru, uitie mfukoni. Pombe itapitishwa, na desturi ya Washerpa ni kumbembeleza mgeni zaidi ya mara moja. Wao huchovya kidole cha pete katika kinywaji na kurusha matone hewani kabla ya kunywa, lakini kwa kuwa hilo nalo ni sadaka, kwako njia nyepesi ni kufunika kikombe kwa kiganja na kutabasamu kila unapobembelezwa. Hawatachukia.

Muhimu kuliko yote ni kuzungumza na sirdari, yaani mkuu wa Washerpa katika msafara wenu, siku moja kabla. Vifaa vya wapandaji mara nyingi hukusanywa na wasaidizi na kulazwa mnarani bila kuulizwa. Kama hutaki vyako viwepo, mwambie faraghani, wala usivitoe wewe mwenyewe mbele za watu. Kumbuka pia kwamba hutakuwa peke yako mwenye dini tofauti, kwa kuwa miongoni mwa wafanyakazi wa Kinepali kambini wamo Wahindu wengi, nao huketi na wenzao bila tatizo. Na huko uliko unaye aliyekutangulia: Nadhira Al Harthy, mwanamke wa kwanza wa Oman kufika kilele cha Everest, mwaka 2019.

Nimalizie kwa kisa cha tarehe 29 Mei 1953, siku Msherpa Tenzing Norgay na Edmund Hillary wa New Zealand walipofika kileleni kwa mara ya kwanza. Tenzing alichimba kishimo kwenye theluji akafukia chokoleti, biskuti na peremende, sadaka kwa wenye mlima. Hillary alikuwa amepewa msalaba mdogo na mkuu wa msafara, John Hunt, akaufukia kando ya vitu vya Tenzing. Hakuna aliyemwuliza mwenzake maswali.

Ndugu Mhariri, kwa heshima zote, tusidanganyane. Mwaka 2014 Washerpa walifanya puja zao zote, na barafu ikawaua. Sasa moshi na mchele ulisaidia nini? — Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi

Umeuliza kwa ukali, nami sitakukwepa. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 2014 pande kubwa la barafu lilikatika kutoka bega la magharibi la Everest na kuporomokea njia ya maporomoko ya Khumbu, likawaua wafanyakazi 16 wa Kinepali, wengi wao Washerpa, waliokuwa wakipandisha mizigo ya wageni. Miili mitatu haikupatikana kamwe. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Aprili, tetemeko kubwa la ardhi lililoikumba Nepal liliangusha theluji juu ya kambi kuu penyewe, palepale palipo na minara ya puja, na watu karibu 20 wakafa. Ukirudi nyuma zaidi, wapagazi saba waliofukiwa na theluji tarehe 7 Juni 1922 walikuwa wamepita Rongbuk.

Ukiichukulia puja kuwa ni malipo, kwamba ukitoa wiski na mchele unauziwa usalama, basi imeshindwa mara nyingi na hoja yako imesimama. Lakini ni wageni zaidi kuliko wenyeji wanaoielewa hivyo. Kwa fundisho la Kibudha, kila mtu hubeba matokeo ya matendo yake mwenyewe, ya maisha haya na yaliyotangulia, na hakuna lama anayedai kuyafuta kwa kusoma kitabu asubuhi moja. Kinachoombwa ni kuondolewa vikwazo na kusamehewa ukosefu wa adabu. Baada ya ajali ya 2014 wapo Washerpa waliosema mwenye mlima amekasirika kwa jinsi watu wanavyojazana na kuchafua, na wapo waliosema barafu huanguka kwa sababu ni barafu. Mara nyingine mtu mmoja alisema yote mawili.

Kuna faida nyingine ambayo hata asiyeamini anaweza kuikagua kwa macho. Msafara wa Everest ni mkusanyiko wa watu wasiojuana: mteja aliyetoka bara jingine, mpishi, mpagazi wa miinuko, kiongozi wa kigeni. Siku ya puja ndiyo siku ya kwanza wote huketi chini pamoja kwa saa kadhaa bila kazi, na ndiyo siku pekee ambayo Msherpa ndiye mwenyeji na mteja ndiye asiyejua akae wapi. Watu hujifunza majina. Mtu anayekwenda kumfunga kamba mwenzake juu ya ufa wa barafu hahitaji kuamini miungu ili aone thamani ya jambo hilo.

Hata hivyo, ghadhabu yako ningeielekeza kwingine. Iliyowafelisha marehemu wa 2014 na familia zao haikuwa puja. Serikali ya Nepal ilipotangaza kwanza rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400 za wakati ule, Washerpa walikataa kupanda, msimu wa upande wa kusini ukavunjika, na hatimaye kima cha chini cha bima ya maisha ya mfanyakazi wa mlimani kikapandishwa kutoka dola 10,000 hadi 15,000. Msimu uliofuata njia ilisogezwa kuelekea katikati ya maporomoko, mbali kidogo na bega lile. Waliodai bima na waliosogeza njia ni watu walewale wanaowasha mreteni saa nane za usiku. Hawakuona kwamba jambo moja linawazuia kufanya jingine.

Nitakwenda Khumbu kwa miguu tu, sipandi kilele. Nikimtembelea lama, nimpe nini na kwa namna gani? — Msomaji, Arusha

Nunua khata, skafu nyepesi nyeupe inayouzwa katika maduka ya njiani na ya Kathmandu. Ikunje ikiwa na bahasha ya mchango wako ndani, uinamishe kichwa, umkabidhi kwa mikono miwili. Ataipokea, ataiondoa bahasha, na skafu ataivisha shingoni mwako, usidhani ameikataa. Ukipita kwenye minara ya mawe au kuta za mawe yaliyochongwa sala, pita ukiiacha mkono wako wa kulia. Bendera za sala usizikanyage wala usizirukie, na kitambaa cha pua usikitupe katika moto wa mreteni hata kama ndio moto pekee ulio karibu.

Kampuni yetu ya utalii inafikiria kuanzisha "ibada ya baraka" kwa wageni katika lango la Marangu, kwa mfano wa hiyo ya Nepal. Mnatushauri nini? — Meneja, Moshi

Nakushauri uache, angalau kwa namna ulivyoieleza katika barua yako, ambamo umetaja muda wa dakika 20, mavazi ya kukodi na nafasi ya kupiga picha, lakini hukutaja ni nani atakayeomba wala anamwomba nani.

Puja ya kambini haikubuniwa kwa ajili ya wageni. Katika nyumba za Khumbu mreteni huchomwa asubuhi, vijiji hufanya ibada hiyohiyo kwa miungu yao ya mahali, na jengo jipya au safari ndefu ya biashara husomewa vilevile. Misafara ilipokuja, Washerpa waliihamishia kambini ibada waliyokuwa nayo nyumbani, na wangeifanya hata kama hakuna mgeni anayetazama. Ndiyo maana mpanda mlima wa Afrika Mashariki anayefika pale, na wapo waliofika, kama Wilfred Moshi wa Tanzania mwaka 2012 na James Kagambi wa Kenya mwaka 2022, hukuta jambo lenye wenyewe.

Nanyi mnao mlima wenye wenyewe. Wachagga walimjua Ruwa na kuiheshimu Kibo kabla ya kampuni yoyote kuandikishwa, na wapo wazee wanaokumbuka nini kilisemwa na kufanywa mtu alipokwenda juu ya msitu. Kama kweli mnataka jambo, nendeni kwao Marangu, Machame na Rombo, mkasikilize kabla ya kuwaandikia ratiba, na mkubali wakisema kwamba hayo si ya kuonyeshwa wageni. Wakikubali, wapagazi wote wa safari hiyo wawepo na waketi mbele. Katika barua yako wamewekwa nyuma ya uzio, wakisubiri mizigo ipimwe.